Kabla ya tarehe 17: jibu kwa mama wa Likoni

Swali: Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, nina miaka 37. Mume wangu ni mpishi wa hoteli Malindi na huja nyumbani Likoni mara moja kwa wiki. Tuna binti wa miaka minane. Baada ya karibu miaka miwili ya fomu na kusubiri, tumekubaliwa kuasili mvulana wa mwaka mmoja na nusu, na tumepangiwa kumchukua Jumatano tarehe 17. Sasa wiki inayoanza Jumatatu tarehe 1 imenikaba koo. Jumatatu na Jumanne nafunga hesabu za mwezi. Jumanne saa kumi jioni afisa wa chama cha kuasili anakuja tena nyumbani. Jumatano kuna mkutano wa wazazi shuleni. Alhamisi naenda kumtembelea mtoto kwenye kituo cha watoto anakolelewa. Jumamosi wakwe wanateremka kutoka Wundanyi kwa kikao cha karamu ya kumpokea mtoto, ambayo wameipanga tarehe 20. Kazini sijamwambia mtu. Nimebakiwa na siku sita za likizo ya mwaka, nadhani nitazitumia hizo. Usiku silali, na binti yangu ameanza kukojoa kitandani. Niibebeje wiki hii bila kuangusha kitu? – Mama wa mmoja, Likoni

Jibu:

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalenda mkononi. Umeniorodheshea mambo matano ya wiki hiyo. Lipo la sita ambalo hukuliandika, na ndilo lenye tarehe isiyongoja: barua kwa mwajiri wako. Inapaswa kumfikia kabla Jumatano tarehe 3 haijaisha, na ningependa imfikie Jumanne.

Nieleze kwa nini. Mwaka 2021 Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa, kikaongezwa kifungu cha 29A. Kifungu hicho kinampa mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapowekwa mikononi mwake. Si hisani ya bosi, na haikatwi kwenye likizo yako ya mwaka. Sharti lake ni kwamba umjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla ya siku ya kumpokea mtoto, na uambatishe karatasi za chama cha kuasili zinazothibitisha jambo hilo, ukiwemo mkataba wa ulezi kati yako na chama na cheti kinachokuruhusu kumtoa mtoto. Tarehe 17 ukiondoa 14 ni tarehe 3. Wewe ni mhasibu, hesabu hiyo huhitaji nikufanyie.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua daftari la hesabu, pigia chama. Uliza karatasi gani ziko tayari na zipi bado. Ikiwa kuna moja ambayo hawatoi mpaka karibu na siku yenyewe, waombe barua yenye muhuri inayosema mtoto atakabidhiwa lini na kwamba cheti kitafuata. Peleka notisi yako na kilichopo. Usingoje faili ikamilike ndipo uandike. Nimewahi kukaa na mama aliyengoja hivyo, akamwambia mwajiri siku nne kabla, akaambiwa amechelewa. Alirudi kazini siku ya sita baada ya mtoto kuingia nyumbani. Mtoto yule alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumlilia yeye badala ya kulia hewani.

Barua yenyewe iwe fupi. Sentensi nne zinatosha: kwamba wewe na mume wako mmekubaliwa kuasili, kwamba mtoto atakabidhiwa kwenu tarehe 17, kwamba unaomba likizo ya mwezi mmoja chini ya kifungu cha 29A cha Sheria ya Ajira kuanzia siku hiyo, kwamba utakabidhi kazi zako kwa utaratibu utakaokubaliwa. Usieleze mtoto ametoka wapi. Usieleze kwa nini mmeamua kuasili. Usiombe radhi. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae nayo.

Najua kinachokuzuia. Hujaandika, lakini nimekisikia kwa wazazi wengi: hofu kwamba jambo litaharibika dakika ya mwisho na ofisi nzima itakuwa imeshajua. Hofu hiyo ina haki yake. Ila mtu wa kumwambia ni mmoja, anayesimamia wafanyakazi, na unaweza kumwomba kwa maandishi asiitangaze. Akikupongeza mbele ya watu, utakuwa umepata aibu ndogo. Usipomwambia, umepoteza mwezi ambao mtoto hatakuwa nao tena maishani mwake.

Na mume wako je? Kifungu kimesema mfanyakazi, hakikusema mama. Mnaomba kuasili pamoja, jina lake limo kwenye mkataba kama lako. Naye aandike barua yake kwa hoteli, kwa tarehe zile zile, wiki hii hii. Mkikubaliwa wote wawili, mtoto ataamka kila siku awakute nyote. Mkikubaliwa kwa kupishana, si vibaya pia, atakuwa na mzazi nyumbani kwa muda mrefu zaidi. Jambo la kuepuka ni baba kubaki mgeni wa Ijumaa kwa mtoto ambaye tayari amezoea watu wa zamu. Kituoni, mtu anayekuja na kuondoka ni mlezi wa zamu. Ndivyo atakavyomsoma baba yake.

Zile siku sita zako usiziguse. Ukishamchukua mtoto, atakaa nanyi miezi mitatu mfululizo kabla wakili hajawasilisha ombi lenu Mahakama Kuu. Ndani ya miezi hiyo maafisa watakuja nyumbani, utakwenda kliniki, utaitwa kutia sahihi, na baadaye kuna mtu atakayeteuliwa na mahakama kuangalia maslahi ya mtoto wakati wa kesi, ambaye naye atataka kuwaona. Halafu siku ya jaji. Kila moja ya hizo ni nusu siku au siku nzima kazini. Hapo ndipo siku sita zina kazi.

Sasa wiki yenyewe. Umeniuliza uibebeje bila kuangusha kitu. Mimi ningeomba utue vingine kwa hiari yako, mapema.

Hesabu za mwezi huwezi kuzitua, makato ya wafanyakazi yanangojwa na mamlaka ya kodi, KRA, kufikia tarehe 9 na hilo unalijua kuliko mimi. Zifunge. Ila Jumanne uondoke ofisini saa nane, maana feri ya Likoni haijui kwamba una mgeni saa kumi. Mkutano wa wazazi aende shangazi au rafiki anayemjua mwalimu, akuletee taarifa. Mwalimu wa darasa umwandikie kando, mistari miwili tu, kwamba nyumbani kunakuja mtoto na kwamba binti yako anaweza kubadilika kidogo. Taarifa hiyo ina faida kwa mwalimu kuliko wewe kukaa kwenye kiti cha nyuma ukipiga miayo.

Ziara ya afisa isikupotezee usingizi. Nimeingia nyumba nyingi kwa kazi hiyo. Sebule iliyosuguliwa sikuwahi kuiandika kwenye ripoti. Niliandika mtoto atalala wapi na karibu na nani. Niliandika mtungi wa gesi umekaa wapi, dawa za wakubwa ziko juu au chini, pipa la maji lina kifuniko au liko wazi, na mlango wa ngazi unafungwa vipi. Mtoto wa miezi 18 hufika pale ambapo jana hakufika, na ndoo ya maji ya kuogea iliyosahauliwa sakafuni inatosha kumzamisha. Yatazameni hayo. Dada anayekusaidia kazi awepo pia, afisa atataka kumsikia, kwa sababu ukirudi kazini ni yeye atakayekuwa na mtoto mchana kutwa.

Afisa atataka kuzungumza na binti yako. Nakusihi usimfundishe la kusema. Mtoto aliyekaririshwa anajulikana kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na hakuna afisa mwenye uzoefu anayeshtuka akimsikia mtoto wa miaka minane akisema hana uhakika kama anataka mdogo. Jibu hilo linaonyesha kwamba nyumba yenu inaruhusu kusema kweli.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu katika barua yako yote mstari ulionigusa zaidi ni ule mfupi wa mwisho. Binti aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani na sasa amerudia anakueleza kitu ambacho mdomo haujapata maneno yake. Kwa miaka miwili amewaona mkijaza fomu, mkinong'ona, mkilia pengine. Amesikia kwamba kuna mtoto mnamtaka sana. Mtoto wa umri wake akipiga hesabu hiyo peke yake hufikia jibu moja: mimi sikuwatosha. Msichana mmoja wa miaka saba aliwahi kuniuliza sebuleni kwao, mama yake akiwa jikoni, kama mtoto mpya akishakuja yeye atapelekwa kile kituo kupisha nafasi. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshafungasha viatu vyake vya shule kwenye mfuko.

Usimwambie binti yako kwamba yeye ni mkubwa sasa. Usimpe kazi ya kuwa mama mdogo. Jumatano jioni, ule muda uliouokoa kwenye mkutano wa wazazi, mchukue yeye peke yake. Nendeni mkale viazi karai pale mnapopapenda, mrudi kwa miguu. Mweleze kwa maneno ya kawaida: chumba chako hakibadiliki, hivi ndivyo tutakavyolala, huyu mtoto atalia usiku mwanzoni, nami nitachoka na pengine nitakuwa mkali, na hilo si kosa lako. Halafu mwache aulize. Asipouliza, tembeeni tu. Shuka zikilowa, badilisheni pamoja bila maneno mengi na bila kumsimulia bibi yake. Ikiwa kukojoa kutaendelea kwa wiki kadhaa, au akasema anaumia akikojoa, mpeleke kwa daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huanza hivyo hivyo.

Alhamisi kituoni, watu wengi huenda na zawadi na kamera. Wewe nenda na daftari. Mtafute mlezi wa zamu ya usiku, siyo meneja peke yake, umuulize: anaamka saa ngapi? Analala kwa kubebwa au kwa kuachwa? Anaitwa nani hasa na wale wanaomwogesha? Anaogopa maji? Uji wake ni wa unga gani, mzito au mwepesi? Wimbo gani humtuliza? Akiumia hukimbilia nani, au hakimbilii mtu? Jibu la swali hili la mwisho liandike vizuri. Mtoto anayeanguka na asigeuke kumtafuta mtu yeyote ana kazi kubwa ya kujifunza kwenu, na ni kazi inayowezekana.

Omba kitabu chake cha kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi 18, kwa hiyo wako yuko kwenye ile ya pili sasa hivi. Ulizia kama ameipata, pamoja na matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Kisha omba kitu kimoja alicholalia, shuka au blanketi au hata fulana, na usikifue. Najua mikono itakuwasha. Mama mmoja niliyemhudumia alikiloweka kwenye sabuni usiku ule ule, kwa mapenzi kabisa, na mtoto akazunguka nyumba nzima akinusa mito ya makochi. Harufu ile ndiyo kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao.

Wiki za kwanza za mtoto aliyetoka kituoni zinahitaji watu wachache mno. Kumlisha, kumwogesha, kumbembeleza na kumlaza kufanywe na wewe na baba yake tu. Binti acheze naye, dada apike na afue, majirani wapungie mkono kutoka kibarazani. Hii inaonekana kama ukatili kwa mila zetu, ambako mtoto hupokewa na mikono ya mtaa mzima. Lakini huyu wako amekuwa akipokewa na mikono ya kila mtu tangu azaliwe. Atakapomwendea kila mgeni kwa tabasamu, watu watasema ana roho nzuri, hana makuu. Mara nyingi ni kwa sababu hajajua bado kwamba kuna mtu ambaye ni wake. Pengine utakuta kipande cha chapati chini ya mto au ugali umehifadhiwa shavuni saa nzima baada ya chakula. Usimkaripie. Weka ndizi mahali anapofikia, aone ipo asubuhi na ipo jioni.

Ndiyo maana ile karamu ya tarehe 20 isifanyike. Siku tatu baada ya mtoto kuingia, watu hamsini, spika, kila shangazi akimbeba kwa zamu: hapana. Jumamosi wakwe wakija, mume wako ndiye azungumze, kwa sababu ni mama yake, na azungumze akiwa amekaa karibu naye. Asianze na katazo. Aseme: Mama, tunataka umpokee mjukuu wako kwa heshima yote, na siku hiyo tumeiweka baada ya jaji kutoa amri, ili tukimwita jina la ukoo liwe ni lake kisheria. Mzee wa Wundanyi anaielewa heshima hiyo, maana kikao kizito hufanywa jambo likishakamilika. Bibi mwenyewe mmpe siku yake mapema, peke yake, mchana mmoja, akae tu sebuleni amtazame mtoto akicheza.

Na kama litazuka swali la damu ni ya nani, nalo hujibiwa bila hasira. Amri ya kuasili ikishatolewa, mtoto ni wenu kana kwamba mlimzaa, na katika urithi anasimama sawa na dada yake. Kabla ya amri yuko chini ya ulezi wenu tu, kwa hiyo kwa sasa msivuke mpaka naye na picha zake msizitume kwenye makundi ya simu ya familia. Jirani zenu Waislamu wakiwaambia kwao ni kafala, wasemavyo ni kweli na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua: mtoto analelewa kama wa nyumbani ila ukoo wake haubadilishwi. Ni njia nyingine yenye heshima yake, msibishane juu yake.

Habari za alikotoka ni mali yake. Zikae kwenu wawili mpaka yeye aanze kuziuliza, na mtamsimulia mapema, kwa maneno madogo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Neno "aliokotwa" lisitamkwe nyumbani mwenu, hata kwa utani, hata na mgeni. Binti yako anasikiliza kutoka chumbani.

Limebaki la kwako. Umesema hulali. Mama anayeasili hapewi pole ya uzazi; hakuna anayemletea supu ya kuku wala kumwambia apumzike. Na huenda siku ya nne au wiki ya tatu ukamtazama mtoto huyu uliyemlilia miaka miwili, usihisi kitu, au uhisi unataka arudi alikotoka. Wengi hupitia hapo na hawasemi kwa kuogopa afisa ataandika. Mimi nilikuwa nikiandika hivi: mama amesema kweli, anahitaji usiku mmoja wa kulala. Mwambie mumeo, mwambie afisa wako. Ukiona wiki mbili zimepita hamna chakula kinachopita kooni, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo kama ambavyo ungemwambia mzazi mwingine yeyote aende.

Mtafute sasa, wiki hii, mtu mmoja wa kukuletea chakula nyumbani Jumatano, Ijumaa na Jumapili ya wiki ile ya 17, aweke mlangoni na kuondoka. Mwambie asiweke pilipili. Na Jumatatu asubuhi, ukiwa bado ndani ya feri, piga ile simu ya chama.